Msaada Wako Unapokelewa na Mkono Gani?

Mdogo wangu mmoja wa Kiruruma ameniandikia, na barua yake nimeona inawahusu wengi wenu, kuanzia Kayanga mpaka Nkwenda. Yeye ni mwimbaji wa kwaya na pia ni katibu wa kikoba. Kaka mmoja wa kwaya hiyohiyo alimwomba amdhamini mkopo, akamdhamini. Marejesho yakasuasua, kaka akaacha kupokea simu, na binti wa watu akamalizia deni kwa fedha za maharage alizokuwa ameziweka kwa ajili ya bati. Hakuna aliyemwomba radhi. Sasa kaka amerudi na Biblia kwapani, anaomba adhaminiwe tena, na anamkumbusha kwamba Bwana alisema aombaye apewe. "Dada," ananiuliza, "nikikataa, nitakuwa nimemkataa Yesu?"

La, mpenzi wangu. Kataa, na ulale usingizi wako.

Nasema hivyo kwa Biblia ileile aliyokuja nayo. Fungua Mithali sura ya 6, mistari mitano ya mwanzo. Hapo anasemeshwa kijana aliyejiingiza katika udhamini wa jirani yake, naye anaambiwa akajinasue upesi, ajishushe, abembeleze, asisinzie kwanza mpaka awe huru. Anayekusomea lile la aombaye apewe katika Mathayo 5, amalizie na hapo. Na huyo Yesu ambaye jina lake linatumika kukubana, mtazame alivyoishi. Katika Marko 1, mji mzima wa Kapernaumu ulikuwa ukimtafuta asubuhi, wagonjwa bado wapo, na wanafunzi wamemfuata hadi mahali alipokuwa akiomba. Akawaambia waende vijiji vingine. Katika Luka 12 mtu alimjia akitaka amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Huku kwetu hiyo ni kesi ya kibanja, na kila mmoja wenu anaijua. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao. Aliona kilichokuwa kikichemka ndani ya yule mtu, akaongea na tamaa yake badala ya kumpimia mipaka ya shamba.

Kwa hiyo wadogo zangu, swali la "nisaidie au nisisaidie?" ni fupi mno. Kanisani tumelizoea, na ndilo linalotufanya tutoe kwa aibu au tukatae kwa hasira. Ninalotaka mjiulize ni hili: msaada huu ukitoka kwangu unapokelewa na mkono gani, na huko unaenda kufanya kazi gani?

Waulizeni wazazi wenu habari za 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, takriban robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Katika Karagwe ya wakati ule, kabla Kyerwa haijawa wilaya yake mwaka 2012, zilifunguliwa kambi za Kagenyi, Rubwera, Chabalisa na Omukariro. Wengi waliovuka walikuwa mama, watoto na wazee wenye njaa. Lakini katikati yao walikuwamo waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari, na baadhi yao walikuwa viongozi walewale wa maeneo walikotoka, wamevuka na watu wao. Mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia kwao. Wao ndio waliotaja idadi ya watu, na wao ndio waliopokea magunia. Idadi ikavimba. Mahindi yaliyokusudiwa mtoto yakawa fimbo mikononi mwa mkubwa: ukitaka kula, nitii, na usithubutu kusema unataka kurudi nyumbani.

Wasaidizi waligawanyika. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuondoka katika kambi za Zaire na kisha za Tanzania mwishoni mwa 1994, kwa sababu liliona msaada unawaimarisha wauaji. Wengine walibaki, kwa sababu mtoto anayeharisha hakuua mtu. Nawaheshimu wote, maana uamuzi ule ulikuwa wa kutokwa na machozi upande wowote utakaoshika. Lakini mimi huwa nakaa zaidi na jambo la tatu, ambalo halikupigiwa kelele. Watu waliandikishwa upya, idadi zikahakikiwa, familia zikapewa kadi, na mgao ukaanza kwenda kwa familia yenyewe badala ya kupita kwa kiongozi. Njaa ilikuwa ileile na mahindi yaleyale, ila mkono unaopokea ulibadilishwa.

Hilo linawezekana hata jikoni kwako. Shemeji yako anakunywa. Kila akija anataka hela ya sare za watoto, na kila ukimpa, watoto wanabaki na sare za mwaka juzi na lubisi inamwagika kwa jirani. Umefika mahali unasema, "Sitoi tena." Watoto wamekosa nini? Nenda kwa fundi mwenyewe na watoto wakiwa wameongozana nawe, wapimwe, ulipe pale, mwambie fundi nguo zisitoke kwa mtu mwingine ila kwa mama yao. Ni dawa? Lipa dirishani, chukua risiti. Ni chakula? Peleka unga na maharage, umkabidhi anayepika. Ada ya shule za serikali mpaka kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, kwa hiyo mtu akikuambia mtoto wa shule ya kata kafukuzwa ada, piga simu kwa mkuu wa shule uulize ni mchango gani hasa. Kuuliza si kumdharau mtu. Aliye na shida ya kweli hujibu, na mara nyingi hufurahi kwamba umeichukulia shida yake kwa uzito.

Wapo pia watumishi wa kwenye simu, wanaokutabiria asubuhi na kukutaka utume sadaka ya kufunguliwa kabla ya saa sita. Hao sikai nao sana. Mtumishi asiyejulikana na mchungaji wako wala padre wako, ambaye baraka yake ina saa ya mwisho kama kifurushi cha bando, usimtumie hata shilingi.

Sasa tugeukie mkono unaotoa, maana nao una mambo yake.

Mwezi wa kwanza mnaujua. Shule zinafunguliwa, kahawa bado ni punje za kijani juu ya mti, na maganda ya msimu uliopita yalishauzwa zamani. Jirani anakuja jioni. Hataki kukaa, anasimama mlangoni akigeuzageuza kofia. Mtoto wake kachaguliwa kidato cha kwanza bweni, anadaiwa godoro, sanduku, ndoo na mashuka. Anakuonyesha kwa kidole mikahawa yake iliyo kando ya njia, anasema chukua magunia mawili ikivunwa, nipe hela sasa. Hiyo ndiyo butura, na Kagera nzima inaijua. Bei anayoitaja jioni ile ni sehemu ndogo tu ya ile utakayopata wewe ukipeleka maganda yaleyale chama cha msingi msimu ukifunguliwa. Serikali na vyama vya ushirika vimeikemea miaka nenda rudi, lakini haifi, kwa sababu shida ya Januari haingoji mavuno.

Nimewasikia watu wa ibada wakisimulia butura kwa maneno ya huruma. "Nilimsaidia, alikuwa amekwama." Mdogo wangu, kama umechukua magunia mawili kwa bei ya nusu gunia, umefanya biashara, tena biashara na mtu asiyekuwa na nguvu ya kubishana. Torati ilikataza kumtoza maskini riba (Kutoka 22), na katika Kumbukumbu la Torati 24, ukimshika maskini vazi lake kama rehani unatakiwa umrudishie kabla jua halijatua, ili apate cha kujifunika. Mungu huyo anajali mtu atalala na nini. Basi chagua mojawapo. Mkopeshe fedha, akurudishie fedha zilezile akishalipwa kahawa yake, mwandikiane mbele ya shahidi na mkeo au mumeo akiwa anajua. Au mpe kiasi unachoweza kukiacha kiende bila kinyongo. Au mwambie kweli kwamba huna. Kununua kahawa yake kwa bei ya kumkamua halafu kutoa ushuhuda Jumapili ni jambo linalonichoma, na sitalipamba.

Na usikope ili usaidie. Nimeona dada anachukua mkopo wa kausha damu ili amtoe rafiki yake katika kausha damu nyingine. Baada ya muda walikuwa wanakimbia wakusanyaji wawili badala ya mmoja, na urafiki wenyewe ukaishia baraza la kata.

Kuna hatari nyingine isiyohusu fedha, na hapa naomba mnisikilize hasa nyinyi mnaotembelea watu, mnaoombea, mnaokaa na wenye majeraha ya ndoa. Mnakumbuka mnyauko wa migomba ulivyoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Mtu mwema alikuwa anatoka na panga lake kwenda kumsaidia jirani kukata migomba inayooza, wanafanya kazi hadi mchana, utomvu wa njano unabaki kwenye makali. Anarudi nyumbani, anapita kwenye shamba lake akikata majani makavu hapa na pale kwa panga lilelile. Wiki chache mbele mgomba wake wa kwanza unaanza kunyauka. Mabwana shamba hawakutukataza kwenda kwa jirani. Walitufundisha kupitisha panga kwenye moto, au kuliosha kwa dawa ya jiki, kila tunapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Kusaidia mtu aliye katika shida nzito kunadai uangalifu huohuo.

Kwa dada wa maombi, panga linapita motoni kwa mambo madogo sana. Usiende peke yako kumfariji mwanaume ambaye mkewe kaondoka. Nendeni wawili, mchana, mkae barazani. Yesu aliwatuma wawili wawili katika Marko 6, na sidhani ilikuwa ni kwa sababu ya kupunguza upweke wa njia tu. Simu ya ushauri iwe na saa yake. Mtu anayekupigia saa saba usiku kila siku kulia habari ileile, mwambie kwa upole kwamba kuanzia saa tatu simu yako inazimwa na kesho mchana utakuwa naye. Mkitoka kwake, ombeni, mtajeni mbele za Mungu kwa jina, kisha mrudi kwenye sufuria zenu na watoto wenu. Ukiona umeanza kuwachukia wanaume wote kwa sababu ya mume wa mtu mmoja, au unasikia moyo unaruka simu ya kaka fulani ikiita, ujue utomvu umeshabaki kwenye makali. Mwachie mwingine kazi hiyo.

Lakini kuna mahali ambapo mpaka wako hautakiwi kuwa kisingizio cha kukaa kimya. Mtoto wa Sunday school akikuambia kitu anachofanyiwa usiku, usimwahidi siri. Mwambie umemwamini, kosa si lake, na kwamba utawaambia watu wazima wanaoweza kumlinda. Kisha fanya hivyo siku hiyohiyo. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, unapiga bure. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto, na wilayani kuna ofisa ustawi wa jamii. Usiitishe kikao cha ukoo kwanza, usimwite mtuhumiwa "tuyamalize kikristo". Vivyo hivyo kwa mwanamke anayepigwa. Maombi yako ni ya thamani, na hayachukui nafasi ya mahali salama pa kulala usiku huo. Wapo wanaosema kumpeleka mwenzetu polisi ni kukosa msamaha. Mimi nasema aliyeumizwa ndiye wa kwanza kulindwa. Habari za msamaha ataziongea yeye mwenyewe na Mungu wake, wakati wake ukifika, bila sisi kumsukuma.

Utajuaje lipi ni la kubeba na lipi si lako? Wagalatia 6 ina mistari miwili ambayo watu huifanya igombane. Wa pili unatutaka tuchukuliane mizigo, wa tano unasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Hainisumbui. Msiba ni mzigo wa wote, ndiyo maana tuna vyama vya kufa na kuzikana. Kupalilia kibanja chako, kuamka, kuacha pombe, kumlea mtoto uliyemzaa ni mzigo wako, na mimi nikikubebea huo nitakuwa nimekuibia kitu. Katika Matendo 6 mitume walipoona ugawaji wa chakula kwa wajane una malalamiko, hawakujilundikia kazi. Waliwaambia waumini wachague saba wenye sifa njema, wakawakabidhi. Shida ilipata mwenyewe, na mitume walibaki na ya kwao.

Tena msipambanue mambo haya peke yenu. Uamsho ulipoingia pande hizi kutoka Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1930, kitu kimoja walichokuja nacho walokole kilikuwa kukutana na kuleta mambo nuruni mbele ya ndugu. Kizazi chetu kimeurithi uimbaji wao zaidi kuliko tabia hiyo, na tumepoteza. Walutheri mna jumuiya za nyumba kwa nyumba, Wakatoliki mna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Ombi kubwa likikujia, liwe la fedha, la kumchukua mtoto wa ndugu akae kwako, au la kumpokea mtu nyumbani, sema, "Nipe siku mbili niombe na niongee na mwenzangu." Kisha uongee kweli na watu wawili wenye busara, mmoja wao awe mtu asiyekupenda kupita kiasi. Anayekataza usimwambie mtu yeyote, anayetaka jibu lako sasa hivi, wakati hakuna mgonjwa wala moto, ameshakupa nusu ya jibu.

Na kusema hapana kuna adabu yake, wadogo zangu. Hatukulelewa kumjibu mtu mzima kwa mkato. Kwa baba mdogo unaweza kusema, "Baba mdogo, shikamoo. Lile la kudhamini sitaliweza, tumekubaliana hivyo na mwenzangu. Jumamosi nakuja na jembe tupalilie wote." Kwa shangazi: "Shangazi, fedha sina, ila mtoto alete nguo nimfulie mpaka upone." Usitunge uongo wa fedha zilizokwama benki, maana utaitwa tena wiki ijayo. Usijieleze mara tano. Ukijieleza sana unampa mtu mahali pa kushika. Atanuna, na kununa kwake si ushahidi kwamba Mungu naye amenuna.

Kwa katibu wangu wa kikoba: mwambie kaka wa kwaya kwamba deni la kwanza bado lipo, na kwamba utafurahi aanze kulilipa kidogokidogo. Kuhusu udhamini, jibu ni hapana. Umwambie mbele ya mwenyekiti, ili kesho isije ikasimuliwa kwaya nzima kwa namna nyingine. Endelea kukaa naye kwenye benchi moja na kuimba.

Nina neno jingine kwa wale mnaosoma haya mkishusha pumzi kwamba sasa mmepata ruhusa ya kufunga mlango. Nguvu utakayoiokoa kwa kumkataa mwenye kelele ina mwenyewe. Kagera tulipigwa na UKIMWI mapema kuliko mikoa mingine, wagonjwa wa kwanza wa nchi hii waligundulika hospitali ya Ndolage mwaka 1983, na kutoka hapo kizazi kizima cha bibi kililea wajukuu bila kuomba mtu. Kule Nshamba, Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza 2003 kwa jambo jepesi kulieleza: kumpa bibi mwenyewe fedha taslimu kila mwezi, mkononi mwake, aamue mwenyewe kama ni chumvi, sabuni au daftari. Nimewaambia mlipe kwa fundi na dirishani, na huku nasifu fedha mkononi. Ndiyo, kwa sababu mkono wa bibi yule unajulikana umekuwa ukifanya kazi gani.

Bibi wa namna hiyo hatakupigia simu. Hana salio, na hata angekuwa nalo angeona haya. Yupo kwenye njia yako ya kwenda kanisani. Wiki hii, kabla hujamjibu yule mwenye ujumbe wa tano tangu jana, pita kwake, msalimie, kaa kidogo. Angalia kama kuna kuni na kama maji yamechotwa. Muulize wajukuu wamekula nini jana, na ngoja ajibu.